Giga Tano za Chumba cha Bi Harusi

Jumatano asubuhi, Sajini Zipporah Ngala alimkuta Trizah amesimama kwenye pembe ya seli, ameupa mlango mgongo, anakamua maziwa ndani ya kikombe cha plastiki. Msichana alisikia ufunguo lakini hakugeuka mpaka alipomaliza na kufunga vifungo vya blauzi. Kifuani palikuwa na madoa mawili mabichi.

"Mtoto ana miezi mingapi?" Zipporah aliuliza kwa Kigiriama.

"Saba, afande. Yuko Garashi kwa mama. Nimeambiwa uji hataki, analia tu."

Zipporah aliandika "miezi saba" katika daftari lake, ingawa hakuna hakimu ambaye angeuliza jambo hilo. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji.

"Nieleze tena habari za Jumamosi. Polepole, kama mtu asiyejua lolote."

Trizah alieleza. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya Bi Ummulkheir, Mambrui. Jumamosi Bi Ummulkheir alikuwa na kupamba kwa bintiye, ile shughuli ya wanawake watupu ambapo bi harusi huketishwa jukwaani atazamwe. Shingoni alivikwa kidani cha dhahabu cha familia ya bwana harusi, kimerithiwa tangu kwa mabibi, ameazimwa kwa siku hiyo tu. Alipobadilisha nguo ya kwanza kwa ya pili, kidani kilivuliwa, kikawekwa katika kisanduku juu ya meza ya kioo. Bi harusi akatoka kwenda ukumbini. Muda si muda, kisanduku kikawa kitupu.

"Wewe uliingia chumbani kwa amri ya nani?"

"Ya Bi Ummulkheir mwenyewe. Aliniambia nikakusanye glasi. Nikaingia nikakusanya. Kisanduku nilikikuta wazi, sikukigusa. Yeye akaja nyuma yangu, akatazama mezani, akapiga kelele."

"Kulikuwa na mtu mwingine mle ndani?"

"Mtu hapana. Kamera tu, imesimama kwa miguu yake mitatu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka."

Taa hiyo ndiyo iliyomkosesha Zipporah usingizi siku mbili. Mlangoni mwa ukumbi simu zote zilikuwa zimekusanywa kapuni, kama inavyofanywa katika kila kupamba, ili wanawake wavue mabuibui na kukaa vichwa wazi bila hofu ya kupigwa picha. Macho yaliyobaki yalikuwa ya kamera mbili za Hindu, mpiga video za harusi. Moja alikuwa nayo mkononi ukumbini, ya pili aliiacha ikijirekodia yenyewe katika chumba cha kuvalia. Na Hindu alipoleta kompyuta yake kituoni Jumanne, klipu za saa ile hazikuwemo. Alisema kompyuta ilijaa, akampelekea fundi aipunguzie mizigo, na fundi akafuta asivyopaswa kufuta.

Inspekta Kiprop, mkubwa wa Zipporah, aliyakubali maelezo hayo bila hata kuinua macho kwenye faili. Kidani hakikuonekana kwa Trizah, wala nyumbani kwao, wala popote. Lakini aliyekutwa chumbani ni yeye, na kesho saa tatu asubuhi, siku alizoruhusu hakimu zikiisha, angerudishwa mahakamani kusomewa mashtaka. Kiprop alimpa sajini wake siku moja ya kuzunguka, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze.

"Kunywa maji mengi," Zipporah alimwambia Trizah akiondoka. "Maziwa yasikukauke."

Duka la Faiz lilikuwa mjini Malindi, kichochoro cha pili kutoka sokoni, chembamba hata wateja wawili hawawezi kupishana. Faiz alikuwa mtu wa makamo, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Jina lake lilikuwemo katika kitabu cha kituo miaka miwili nyuma, kwa simu ya wizi iliyokutwa kwenye droo yake. Aliachiliwa, lakini Zipporah hakuwa mwepesi wa kusahau. Alitamani kwa moyo wote awe ni huyu, ili kazi iishe kabla ya adhuhuri.

"Karibu, afande. Nimekosa nini leo?"

"Hujakosa bado. Weka mikono yako juu ya meza, niione."

Alifungua bahasha ya ushahidi, akatoa kompyuta ya Hindu, akaiwasha. Faiz akanyoosha kidole kuelekea kibodi.

"Nimesema mikono mezani. Wewe nielekeze kwa mdomo, mimi nitabonyeza."

"Haya. Basi ujue hii ni kompyuta ndogo. Diski yake ya SSD ni giga mia na ishirini na nane, na mfumo wenyewe unakula sehemu yake kabla hujaweka hata picha moja. Bi Hindu anafanya kazi ya video juu ya kitu hiki. Kila mwezi yuko hapa. Hujaa, hukwama, hunikimbilia."

"Jumapili ilikuwa imebaki na nafasi ngapi?"

"Haikufika hata giga moja."

"Mdomo hauna muhuri, Faiz. Nani atathibitisha?"

Faiz alicheka kidogo, akaomba ruhusa ya kuchukua simu yake. Akamwonyesha picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kioo cha kompyuta ile ile, ina kibandiko cha ua kwenye ukingo, na mstari wa diski umewiva wekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilikuwa imepigwa saa moja na nusu baadaye. Mstari ulikuwa wa samawati, na chini yake imeandikwa giga thelathini na moja zilizo huru.

"Kila kazi napiga picha kabla na baada," alisema. "Wateja wa Malindi nawajua. Utampunguzia mtu takataka, kesho aje adai ulimfutia picha za marehemu baba yake."

Zipporah alitazama tarehe na saa za picha zote mbili, akazinakili daftarini, kisha akamwamuru azitume kwenye simu ya kituo mbele ya macho yake. Bado hakumwamini. Picha inaonyesha nafasi iliyopatikana, haionyeshi kilichotolewa ili ipatikane.

"Giga thelathini ulizitoa wapi?"

"Kwanza, mfumo wa zamani. Kompyuta ikisasishwa huacha ule mfumo wa nyuma umelala humo humo, ati labda utautaka tena. Hiyo peke yake giga kumi na tisa. Pili, faili la usingizi. Kompyuta ikilala usingizi mzito hujitengea mahali pa kuandika yote iliyokuwa ikiyafanya. Bi Hindu haitumii hiyo, yeye huizima kabisa, basi nikaliondoa. Giga sita. Zilizobaki ni faili za muda na masazo ya masasisho. Ukijumlisha utapata."

Alijumlisha. Alipata.

"Na kikapu cha taka?"

"Taka ya mtu simwagi."

"Kwa nini? Si ndiyo ya kwanza kumwagwa?"

"Afande, kuna mwalimu mmoja alikuwa akihifadhi mitihani ya shule nzima ndani ya kikapu cha taka. Aliniambia ni mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria. Nikamwaga. Nusura anile nyama. Tangu siku ile, kikapu namwachia mwenyewe."

Zipporah alijizuia kucheka. Akafungua folda ya harusi ya Jumamosi, akakigeuza kioo upande wake ili Faiz asione. Hakuhitaji kujisumbua, kwa maana Faiz alikuwa ameshageuka mwenyewe, anatazama ukuta wenye nyaya.

"Unaogopa nini?"

"Hiyo ni kupamba ya Mambrui. Mke wangu alikuwemo ukumbini. Wake za jamaa zangu walikuwemo. Unataka nitazame?"

"Jumapili hukutazama?"

"Jumapili haikuwemo! Bi Hindu hawezi kuniletea mimi mwanamume kompyuta yenye wanawake vichwa wazi. Siku zote hutoa kwanza, au haweki kabisa mpaka kompyuta irudi nyumbani. Ndiyo maana wanamwamini. Akikosea mara moja tu, hakuna mama wa Mambrui wala Malindi atakayemwita tena."

Zipporah aliyasoma majina ya klipu za chumba cha kuvalia, moja baada ya moja. Kamera ilikuwa imezipa namba, kila klipu dakika kumi na mbili. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu ya saba, na kuendelea hadi ya kumi na mbili. Nne, tano na sita hazikuwemo. Zilizobaki alizipitia haraka, bila sauti. Kisha akabonyeza alivyoelekezwa, akapata saa ambayo folda ile iliingia katika diski.

Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini alasiri.

Aliirudia mara tatu. Picha ya Faiz ilikuwa ya Jumapili kabla ya adhuhuri, na daftari lake la duka lilionyesha Hindu alitia sahihi ya kuichukua kompyuta Jumapili hiyo hiyo saa nane. Fundi hawezi kufuta Jumapili kitu kilichoingia Jumatatu. Tena Jumatatu kompyuta ilikuwa na giga thelathini na moja tupu, na klipu zile zote, hata na hizo tatu, zilihitaji giga ishirini tu, tano kati yake za hizo tatu. Hapakuwa na msongamano wowote. Mtu aliyesema alifuta kwa sababu ya nafasi alikuwa ameketi kwenye nafasi tele.

Hata hivyo, klipu zenyewe tatu bado hakuwa nazo.

"Zinaweza kurudishwa?"

"Zingekuwa kwenye diski zile za zamani za kuzunguka, ningesema tujaribu. Hizo ukifuta unafuta jina tu, kitu chenyewe kinabaki mpaka kifunikwe na kingine. Hizi SSD hujifagia zenyewe. Ukishafuta na kikapu ukamwaga, baada ya muda mfupi hakuna cha kuokota."

"Hata kwa mtaalamu wa Nairobi?"

"Hata wa Nairobi atakwambia pole."

Zipporah alifunga kompyuta, akairudisha bahashani, akatia lakiri na sahihi. Faiz alisubiri kuambiwa kuwa hana hatia. Hakuambiwa.

"Usisafiri wiki hii," alisema, akatoka. Ukweli ni kwamba alikuwa amemwamini, na jambo hilo lilimkera, kwa sababu sasa shaka yote ilibidi aibebe hadi Mambrui.

Hindu aliishi na mamake nyumba ya pili nyuma ya msikiti. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwenye sauti ya chini na macho yaliyozoea kutazama wengine wakifurahi. Aliwakaribisha Zipporah na Konstebo Kambi kwa heshima, akaleta viti, akaleta maji. Kambi alibaki barazani kwa kuwa ni mwanamume.

"Dada Hindu, sitakuchosha. Nataka tu kuandika vizuri maelezo yako ya jana. Jumapili ulimpelekea Faiz kompyuta imejaa?"

"Ndiyo, afande."

"Klipu za chumba cha kuvalia zilikuwa ndani?"

Hindu alinyoosha leso magotini. "Ndiyo. Ndiyo maana akazifuta."

"Sawa." Zipporah aliandika bila haraka, kisha akamsomea: "'Mimi, Hindu, mkazi wa Mambrui, nilimkabidhi Faiz, fundi wa Malindi, kompyuta yenye picha za wanawake waliohudhuria kupamba kwa binti wa Bi Ummulkheir, wakiwa vichwa wazi, na akakaa nayo katika duka lake.' Tia sahihi hapa. Kesho itasomwa mahakamani."

Hindu alipokea kalamu. Aliigusisha karatasini, akaiinua tena.

"Siwezi kutia sahihi maneno haya."

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Wakinisikia mabibi wa hapa..."

"Kwani ni uongo?"

Kalamu ilianguka juu ya mkeka. Hindu hakuiokota. Zipporah alimhurumia, lakini alimkumbuka pia Trizah na kikombe chake cha plastiki, na huruma ikahamia huko.

"Hazikuwemo," Hindu alisema. "Wallahi hazikuwemo. Jumamosi ile kompyuta ilikataa kuzipokea, imejaa. Jumapili nilimwachia Bi Ummulkheir kadi ya kamera, nikaenda kwa Faiz na kompyuta peke yake. Hivyo ndivyo nifanyavyo siku zote. Kadi ya kupamba haitoki kwa mama wa bi harusi mpaka kazi imekwisha na ameridhika. Halafu naifuta mbele ya macho yake."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nilikwenda kwake na kompyuta. Nikaziingiza pale pale sebuleni."

"Nani akazifuta zile tatu?"

"Mimi." Sauti ilikuwa haisikiki vyema. "Niliziacha zikiingia, zilipomalizika akaniambia niende nikaswali alasiri, yeye ajitazamie mwanawe. Niliporudi akasema nifute ya nne, ya tano na ya sita, na kikapu nikimwage. Akasema mtoto yuko mabega wazi, na video zitafika kwa wakwe. Sitara kwanza, aliniambia. Ni mama wa bi harusi, afande. Ningemkatalia vipi?"

"Wewe uliziangalia kabla ya kufuta?"

"Sikuangalia."

"Na polisi walipokuja ukamtupia Faiz."

"Niliogopa kulitaja jina la Bi Ummulkheir. Nilidhani ni jambo la sitara tu, halihusu wizi."

"Ulidhani, au ulijilazimisha kudhani?"

Hindu alianza kulia kimyakimya.

Zipporah aliiokota kalamu. Kisha akasema, taratibu, "Mimi ni mwanamke, kwa hivyo nimezitazama klipu zilizobaki. Katika ya pili bi harusi anapakwa liwa, manukato ya msandali, mabega yako wazi. Katika ya tatu anabadilishwa nguo, mabega yako wazi zaidi. Mwisho wa ya tatu anainuka, anatoka kwenda ukumbini na wapambaji wake wote. Hizo mbili hazikufutwa. Sasa niambie, ya nne, ya tano na ya sita, ndani ya chumba alibaki nani wa kusitiriwa?"

Hindu aliinua uso. Mtu angeweza kuona jibu likimfikia.

"Chumba kitupu," alisema.

"Chumba kitupu na kisanduku. Nikuulize la mwisho, na ulifikirie vizuri. Jumatatu ulizihamisha kutoka kadini, au ulizinakili?"

"Nilinakili. Siwezi kuhamisha. Kompyuta ikizima katikati ya kuhamisha unapoteza huku na huku."

"Kwa hivyo kadi..."

"Kadi iko kwake. Kabatini, ndani ya kitambaa."

"Na yeye anajua kuwa bado imejaa?"

Hindu alifikiri. Machozi yalikuwa yamekatika ghafla. "Aliniuliza kama zimerudi zote kwenye kompyuta. Nikamwambia zimerudi zote. Hakuuliza zaidi. Kwake yeye kitu kikirudi mahali pake, kule kilikotoka kimeondoka."

"Vaa buibui, twende pamoja. Simu yako nipe mimi."

Nyumba ya Bi Ummulkheir bado ilikuwa na taa za harusi zikining'inia ukutani. Barazani, kijana mmoja alikuwa akifunga mkoba nyuma ya pikipiki. Zipporah alimtambua. Alikuwa Bwanamkuu, kaka wa bi harusi, ambaye katika maelezo yake alisema tangu Alhamisi hadi Jumapili alikuwa Mtwapa alikopanga chumba, na hakuwahi kuiona hata kona ya ukumbi.

"Shemeji afande, karibuni," alisema kwa uchangamfu uliozidi kidogo. "Yule msichana ameshakiri?"

"Unasafiri?"

"Narudi Mtwapa. Kazi hazingoji."

"Subiri chai kwanza," Zipporah alisema. Akamtazama Kambi, na Kambi akaenda kusimama karibu na pikipiki, akaanza kuisifu kwa maneno mengi na kuuliza inakula mafuta kiasi gani.

Ndani, Zipporah alipiga magoti kidogo kama alivyofunzwa nyumbani Kibarani. "Shikamoo, Bi Ummulkheir."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Hindu, mbona macho mekundu? Umelia?"

"Vumbi, Bi," Hindu alijibu.

Bi Ummulkheir alikuwa mwanamke mzito, mzuri wa uso, mwenye adabu ya kukaa kimya mgeni anapoketi. Alimtuma mtu wa jikoni alete maji ya ukwaju. Zipporah aliyanywa yote, kwa kuwa kuyaacha kungekuwa dharau, na kwa kuwa alitaka kuona kama mwenyeji angeuliza walichojia. Hakuuliza.

"Bi, Hindu anasema kuna kadi yake ya kamera umemwekea."

"Ipo. Ni amana yake."

"Nitaiomba niichukue kituoni. Ni utaratibu tu. Kila kilichotumika katika shughuli ile lazima kiandikwe."

"Itakufaa nini, mwanangu? Tupu ile. Hindu alizirudisha zote kompyutani Jumatatu, mbele yangu." Alisema hivyo bila kupepesa macho, akainuka mwenyewe, akaenda kabatini. Alirudi na kitambaa cha melimeli kilichofungwa fundo, kinanukia udi. "Nisiseme nimekuficheni kitu. Haya, chukueni."

Zipporah alikipokea, akakifungua. Aliandika risiti nakala mbili, akaeleza rangi ya kadi, ukubwa wake na kitambaa chake. Bi Ummulkheir alitia sahihi kuwa ametoa kwa hiari yake, Hindu akatia sahihi ya ushahidi. Kisha sajini akakisogeza kile kitufe kidogo cha kufungia kilicho ubavuni mwa kadi, ili kitu kisiweze kuandikwa wala kufutwa humo. Akatoa kompyuta ya kituo katika mkoba wake.

"Tuitazame hapa hapa, Bi, ili mwenyewe ushuhudie kuwa ni tupu. Tupo wanawake watupu."

Kioo kilijaa vijipicha. Moja hadi kumi na mbili, bila pengo.

Bi Ummulkheir alimgeukia Hindu. "Si ulizirudisha?"

"Nilizinakili, Bi," Hindu alisema, akiangalia chini. "Nakala ilikwenda kwenye kompyuta. Zenyewe hazikuondoka."

Zipporah alifungua klipu ya nne. Chumba kitupu, kisanduku mezani, feni ikizunguka. Aliisukuma mbele, akafungua ya tano. Dakika ya tatu, mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa ufunguo. Aliyeingia alikuwa Bwanamkuu, amevaa kikoi na shati jeupe, anatembea kwa ncha za vidole. Alifungua kisanduku. Alisita, akageukia upande wa ukumbini ulikotoka mlio wa vigelegele, halafu akakitia kidani mfukoni na kutoka alikoingilia. Taa nyekundu ilikuwa imefichwa na shada la maua. Trizah alikuwa ameiona kwa sababu ndiye aliyelisogeza shada hilo akiokota glasi, mwanzoni mwa klipu ya sita. Kisanduku kilikuwa wazi. Msichana hakukigusa. Akaingia Bi Ummulkheir, na sauti yake ya Jumamosi ikajaa sebule ya Jumatano.

"Zima," alisema.

Zipporah alizima.

"Jumamosi nilidhani ni yeye kweli," Bi Ummulkheir alisema. "Nakuapia Mungu. Sikujua mpaka Jumatatu, nilipoketi hapa peke yangu nikitaka kumtazama binti yangu."

"Nakuamini. Jumamosi ulikosea. Tangu Jumatatu je?"

"Ni mwanangu."

"Na Trizah ana wake." Zipporah alisikia sauti yake ikipanda, akaiacha ipande. Alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kuificha. "Ana miezi saba. Hanyonyi tangu Jumamosi. Umemlea msichana yule nyumbani kwako, umemwona na mimba, umempa leso za uzazi, anazo hata sasa. Siku mbili umelala ukijua alipo."

Bi Ummulkheir alikishika kitambaa kile cha melimeli, akakikunja mara nne, akakikunjua. Kutoka nje ilisikika sauti ya Bwanamkuu akicheka na Kambi juu ya mafuta ya pikipiki. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na mama yule aliutazama. Zipporah naye aliutazama. Kupiga ukelele mmoja tu kungetosha, kijana angeruka ua na kutokomea mashambani kabla Kambi hajageuka.

Bi Ummulkheir aliinuka, akaenda akaufunga ule mlango wa uani kwa komeo. Kisha akaita kuelekea barazani, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu chakulani.

"Bwanamkuu! Njoo ndani, mwanangu. Njoo na kile ulichokitia mkobani."

Kicheko cha nje kilikatika.

Zipporah alikuwa ameshapiga simu kituoni. Kiprop alipokea akitafuna.

"Afande, Trizah haendi mahakamani. Nimeipata video, nitaileta mwenyewe na mwenye kuhusika. Lakini kwanza tuma gari Garashi."

"Garashi kuna nini?"

"Kuna mtoto. Na umtume mtu selini sasa hivi, amwambie Trizah asikamue tena."